Je, Wajua? Filamu ya Zanzibar Ambayo Haikufika Zanzibar

Mwaka 1941, watu wa Pemba wakiwa na karafuu zao majamvini na masikio yao kwenye habari za vita vya Ulaya, Wamarekani walikuwa wakikata tiketi kwenda kucheka filamu iliyobeba jina la visiwa vyetu. Inaitwa Road to Zanzibar, yaani Njia ya Kwenda Zanzibar. Si filamu kubwa. Hata mashabiki wa wachekeshaji wake huitaja baada ya kutaja nyingine mbili tatu. Lakini ukianza kuifukua, unakutana na pembe za ndovu, Marco Polo, Waziri Mkuu wa Tanganyika na popo wa Kidike. Haya hapa machache ya kumsimulia mwenzio barazani.

1. Ni ya pili kati ya saba

Wachekeshaji wenyewe ni Bob Hope na Bing Crosby, na mwanamke wanayemgombania katika karibu kila hadithi ni Dorothy Lamour. Watatu hao walianza na Road to Singapore mwaka 1940. Ilipopata watazamaji wengi kuliko ilivyotarajiwa, kampuni ya Paramount ikafuatisha Zanzibar (1941), Morocco (1942), Utopia (1946), Rio (1947) na Bali (1952). Ya saba, Hong Kong, ilitoka mwaka 1962, wakati wachekeshaji wote wawili wakikaribia umri wa miaka 60.

Iliyopata heshima kubwa zaidi ni ya Morocco. Mwaka 1996 iliingizwa kwenye orodha ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani huzihifadhi kama urithi wa taifa. Ya Zanzibar imebaki kuwa ndugu mdogo anayekumbukwa na wajuzi.

2. Mabwana hawa walizaliwa mwezi mmoja

Crosby alizaliwa tarehe 3 Mei 1903 huko Tacoma, Marekani. Hope alizaliwa tarehe 29 Mei mwaka huo huo, lakini si Marekani: alizaliwa Eltham, London, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Crosby alikuwa mwimbaji kwanza, mchekeshaji baadaye, na mwaka 1944 aliigiza padri katika Going My Way, kazi iliyompa tuzo ya Oscar. Alifariki Oktoba 1977, mara tu baada ya kumaliza kucheza gofu karibu na Madrid. Hope aliishi hadi akatimiza miaka 100, akafariki Julai 2003.

3. Kisa chake ni "Pwagu hupata pwaguzi"

Chuck (Crosby) na Fearless (Hope) ni watu wa maonyesho ya barabarani wanaozunguka Afrika wakiishi kwa ujanja. Onyesho lao la mtu anayerushwa kutoka kwenye mzinga linaishia kwa kuteketeza hema zima. Wanatoroka. Chuck anatumia akiba yao yote kununua hati ya mgodi wa almasi kutoka kwa mzee ambaye, kumbe, akili zake hazimo. Fearless anaiuza hati hiyo hiyo kwa jambazi. Wanatoroka tena, safari hii hadi Zanzibar.

Huko wanakutana na wanawake wawili wa Kimarekani, Donna (Lamour) na Julia (Una Merkel). Donna "ananadiwa" mnadani kama mtumwa, Chuck anatoa pesa kumkomboa, na baadaye wanawake wanagawana pesa hizo na dalali. Matapeli wametapeliwa! Baada ya hapo wote wanne wanaingia bara kwa miguu na wapagazi, Donna akidai anamtafuta jamaa yake, kumbe anamfuata tajiri mmoja wa kuolewa naye. Asiyecheka hapo hajawahi kumwona mjanja wa mjini akiuziwa saa mbovu.

4. Mswada ulianzia Madagaska

Paramount ilikuwa na hadithi mkononi iliyoitwa Find Colonel Fawcett, ya Don Hartman na Sy Bartlett. Ilihusu watu wawili wanaopenya misitu ya Madagaska, na ilikusudiwa kuwa filamu ya kusisimua, si ya kuchekesha. Jina lilitokana na Percy Fawcett, msafiri mvumbuzi wa Kiingereza aliyepotea katika misitu ya Brazil mwaka 1925 na hakuonekana tena.

Kikwazo kilitoka kwa washindani. Mwaka 1939 kampuni ya 20th Century Fox ilikuwa imetoa Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Hadithi ya Paramount ilifanana nayo mno, na wakubwa wa studio waliogopa kuchekwa na wahakiki. Wakaona afadhali wachekwe kwa kupenda kwao. Hartman na mwenzake Frank Butler wakaigeuza hadithi kuwa dhihaka, akapewa Victor Schertzinger aiongoze, na Madagaska ikapisha njia kwa Zanzibar.

Kwa hiyo mzaha wa filamu hii, tangu siku ya kwanza, haukuwa juu ya Zanzibar. Ulikuwa juu ya Hollywood yenyewe na filamu zake za mzungu mwenye kofia ngumu anayepasua msitu.

5. Safari iliyodhihakiwa ilikuwa na wenyewe

Stanley wa kweli alishuka Zanzibar mwezi Januari 1871 akimtafuta mmisionari Livingstone. Akakodi watu, akanunua nguo na shanga za kulipia njiani, akavuka hadi Bagamoyo, na mwezi Novemba akamkuta Livingstone Ujiji. Katika filamu za Hollywood, wabebaji mizigo ni safu ya vichwa inayopita nyuma ya nyota. Katika njia ya kweli, wao ndio waliojua maji yako wapi na hongo ya kila mtawala ni kiasi gani.

Kiongozi wa watu wa Stanley alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Alikwisha kutembea na wasafiri Burton na Speke walipolifikia Ziwa Tanganyika mwaka 1858, na baadaye alivuka Afrika pamoja na msafiri mwingine, Cameron. Hakuna studio kubwa ya zama zile iliyomtengenezea filamu.

6. Wamarekani walilijua jina la Zanzibar kwa sababu ya piano

Kwa nini jina hili na si jingine? Kwa masikio ya Wamarekani halikuwa geni. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, akawa konsuli wa kwanza wa nchi hiyo Zanzibar. Meli zilileta nguo za pamba, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi ya kutengenezea vanishi.

Pembe hizo zilikwenda hasa Connecticut, kwenye miji miwili midogo ya Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vilizichonga kuwa vibonye vya piano. Sehemu kubwa ya piano zilizokuwa zikilia katika sebule za Marekani zilikuwa na vipande vya pembe zilizopitia bandari ya Zanzibar. Bing Crosby alikulia katika zama hizo za piano za sebuleni, kabla hajapewa nyimbo za kuimba katika filamu yenye jina la bandari hiyo.

7. Hakuna simba Pemba, wala gorila

Katika filamu, wenyeji wanawadhania Chuck na Fearless kuwa miungu, kisha wanataka kuhakikisha: Fearless lazima apigane mieleka na gorila. Gorila wa mwituni aliye karibu zaidi na Wete yuko kwenye milima ya mpaka wa Uganda, Rwanda na Kongo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa.

Unguja walikuwa na chui wao, mdogo kuliko wa bara. Pemba hata huyo hatukuwa naye. Tulichonacho hakipatikani kwengineko. Kuna aina nne za ndege ambazo dunia nzima zipo Pemba tu: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Na kuna popo wa Pemba, mla matunda, ambaye akikunjua mbawa hufikia karibu mita moja na nusu.

Popo huyo nusura atoweke. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliwakuta wachache mno, kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa miti mikubwa. Vijiji vikaanzisha ulinzi wa miti wanayolala, kikiwemo Kidike karibu na Chake Chake, ambako mgeni hulipa kiingilio kuwaona wakining'inia mchana. Leo ni maelfu.

8. Marco Polo alikosea vile vile

Hollywood si wa kwanza kujaza wanyama wasiokuwepo. Mnamo mwaka 1298, akiwa mfungwa mjini Genoa, Marco Polo alimsimulia mfungwa mwenzake kitabu cha safari zake. Ndani yake kuna kisiwa cha "Zanghibar", chenye mzunguko wa maili 2,000, ndovu wengi, simba, twiga na watu wakubwa kama majitu. Marco Polo hakuwahi kufika kwetu. Alikusanya maneno ya mabaharia na kuyachanganya ya bara na ya visiwani.

Kwa hesabu hiyo, Paramount walichelewa miaka 640 na kitu kutunga uongo ule ule. Mabaharia wa Kiarabu walikuwa makini zaidi: Pemba waliiita Kisiwa cha Kijani, na ukishuka kwa ndege juu ya Chake Chake leo, huna la kuwabishia.

9. Mnada wa filamu ulikuwa umechelewa miaka 68

Onyesho la mnada wa watumwa linachezwa kama kichekesho, na mwaka wa filamu ni 1941. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Siku ya Krismasi mwaka huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana mahali pale pale.

Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria ilikuja Aprili 1897, na masuria hawakuingizwa hadi 1909. Kwa Pemba jambo hili lilikuwa zito, kwa kuwa mashamba ya karafuu yalilimwa na kuchumwa na watumwa, na wengi waliopata karatasi za uhuru walibaki hapa hapa kama vibarua na wakulima. Wajukuu wao walikuwa hai filamu ilipotoka. Hapo ndipo kicheko cha Hollywood kinapokwama kooni kwa mtazamaji wa Pemba, na ni haki yake.

10. Kimbunga kiliifanya Pemba kuwa shamba la dunia

Aprili 1872, mwaka mmoja kabla ya soko kufungwa, kimbunga kikali kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Watengeneza filamu waliotaka Zanzibar ya kweli ya mwaka 1941 wangeikuta hapa: wachumaji wakining'inia juu ya mikarafuu, majamvi yamejaa barabarani na harufu inayomfikia baharia kabla ya nchi kavu. Hakuna hata picha moja ya hayo ndani ya filamu. Waigizaji hawakutoka California.

11. "Wenyeji" wawili walikuwa na historia nzito kuliko nyota

Waliopewa nafasi za machifu na wapiganaji walikuwa Wamarekani weusi, na baadhi yao walistahili filamu zao wenyewe. Noble Johnson, chifu katika hadithi hii, ndiye yule yule chifu wa kisiwa katika King Kong ya mwaka 1933. Kabla ya hapo, mwaka 1916, yeye na ndugu yake George walianzisha Lincoln Motion Picture Company, moja ya kampuni za mwanzo za Wamarekani weusi kutengeneza filamu zenye kuwaonyesha weusi kama watu wenye heshima zao. Ilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Johnson akabaki kuvaa manyoya ya chifu ili ale.

Leigh Whipper, mwingine kati yao, miaka miwili tu nyuma alikuwa amesifiwa kwa kumwigiza Crooks katika Of Mice and Men (1939). Hollywood ilimjua kuwa ni mwigizaji hodari. Ilipofika Zanzibar ya kubuni, ilimpa mhusika anayeitwa kwa kovu la usoni.

12. Gorila alikuwa Mfilipino

Ndani ya ngozi ya gorila alikuwemo Charles Gemora, mzaliwa wa Ufilipino na fundi wa vipodozi wa Paramount. Alijishonea vazi la manyoya yeye mwenyewe na kuliboresha mwaka hadi mwaka, akawa ndiye gorila wa kutegemewa wa Hollywood tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Mtu wa visiwani akaigiza mnyama wa milimani katika filamu ya kisiwa kisicho na mnyama huyo.

13. Mswada ulikuwa kisingizio tu

Hope na Crosby walikuwa na vipindi vyao vya redio, na kila mmoja alikuwa na waandishi wake wa vichekesho. Walifika mbele ya kamera na maneno mapya mifukoni, wakarushiana bila kumwambia mtu. Dorothy Lamour alisimulia kwamba katika filamu ya kwanza alishindwa hata kupata nafasi ya kusema maneno aliyoyakariri. Akajifunza kulala vizuri usiku na kuacha kukariri. Inasimuliwa pia kwamba Hope alimtania mwandishi Hartman: akisikia sentensi yake hata moja, apige kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Walikuwa na mchezo mmoja walioupenda: wanapobanwa na maadui, wanageukiana, wanaanza kupigishana viganja kama watoto, adui anaduwaa, kisha ngumi mbili zinamfikia kwa pamoja. Kadiri filamu zilivyoendelea, maadui nao wakaanza kuujua ujanja huo. Mtazamaji aliyekwisha kuziona za nyuma ndiye aliyecheka zaidi, maana alikuwa kama mtu wa nyumbani.

14. Wimbo uliishinda filamu

Nyimbo ziliandikwa na Johnny Burke (maneno) na Jimmy Van Heusen (muziki). Mmoja, It's Always You, ulirekodiwa mwaka huo huo wa 1941 na kijana aliyeimbia bendi ya Tommy Dorsey. Jina lake Frank Sinatra. Kuna watu wengi wanaoujua wimbo huo bila kujua kuwa ulizaliwa kwenye safari ya uongo ya kwenda Zanzibar.

15. Zanzibar ilikuwa na ukumbi wa sinema miaka 20 kabla ya filamu hiyo

Mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alianza kwa kuonyesha picha ndani ya hema, kisha mwaka 1921 akafungua Royal Cinema mjini Unguja, jengo lililochorwa na J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa pia msanifu majengo. Lilikuwa miongoni mwa kumbi za fahari za mwanzo Afrika Mashariki. Baadaye liliungua, na mahali pake likajengwa Majestic katika miaka ya 1950.

Pemba nayo ilikuwa na sinema zake Wete na Chake Chake. Ila usidhani watu walijazana kumwangalia Hope. Miaka ya 1950 mfalme wa kumbi zetu alikuwa Raj Kapoor, na filamu yake Awaara (1951) iliwaliza na kuwachekesha watu waliokariri nyimbo za Kihindi bila kujua lugha. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima juu ya watazamaji hawa, Reel Pleasures, kilichotoka mwaka 2018.

16. Kamera za kweli zilikuja, na mwigizaji akawa Waziri Mkuu

Hollywood ikijenga misitu ya bandia, kamera zilikwisha kufika milima ya Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza Notcutt na Latham walipiga kambi Vugiri na kutengeneza filamu fupi 35 za mafunzo kwa ajili ya vijiji vya Afrika Mashariki na Kati. Zilizungumzia kilimo, afya na kuweka akiba posta. Waigizaji walikuwa wenyeji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni kutoka Johannesburg ilishirikiana na idara ya ustawi wa jamii ya Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili, miongoni mwao Muhogo Mchungu. Nyota wake alikuwa mtumishi kijana wa idara hiyo aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Mwezi Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ronald Reagan alisubiri hadi 1981 kufanya hicho kinachodhaniwa kuwa ajabu ya Marekani pekee, mwigizaji kuongoza serikali.

Jina la Muhogo Mchungu nalo halikufa. Miaka mingi baadaye mashabiki wa vichekesho vya Tanzania walilisikia tena, likiwa jina la kisanii la Abdallah Mkumbila.

17. Wachekeshaji wetu hawakuhitaji gorila

Wasikilizaji wa Radio Tanzania walikuwa na Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili ambao wangeelewana vizuri na Chuck na Fearless. Kenya walikuwa na Vitimbi, Mzee Ojwang' (Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015) akibishana na Mama Kayai (Mary Khavere) wiki baada ya wiki. Tanga ilitoa King Majuto, jina halisi Amri Athumani, aliyeanza jukwaani akiwa kijana, akaingia kwenye filamu za kaseti na diski, na kuwaliza mashabiki alipofariki tarehe 8 Agosti 2018. Na kizazi cha televisheni kilikuwa na Orijino Komedi, kina Joti, Masanja na Mpoki.

Tofauti yao na Hope na Crosby ni moja. Mzaha wa Majuto unasimama juu ya mambo anayoyajua: mke mkali, mgeni asiyeondoka, mzee anayejifanya kijana. Mpemba akicheka, anamcheka jirani yake, au nafsi yake. Hope na Crosby walicheka filamu za wenzao. Zanzibar ilikuwa pazia la nyuma tu, na pazia hilo lingebadilishwa na kuandikwa Madagaska bila mchezaji hata mmoja kubadili hatua.

18. Pemba ina kichekesho kisicho na mwongozaji

Msimu wa kiangazi, kabla ya masika, baadhi ya vijiji vya Pemba hucheza mchezo wa ng'ombe. Wengi husema ni mabaki ya Wareno, waliokuwa na nguvu pwani hii katika karne ya 16 na ya 17. Ng'ombe hufungwa kamba, kijana humchokoza kwa kitambaa, ngoma na zumari hulia, wanawake huimba, na mtu anayejifanya shujaa huishia juu ya mti wa karibu. Ng'ombe hauawi. Akimaliza kazi hurudi zizini kwake akiwa na sifa kuliko waliomchokoza. Fearless wa kweli ni yule anayebaki chini.

19. Jina kutembea bila mwenyewe si jambo geni

Wanafizikia duniani hubishana juu ya "athari ya Mpemba", yaani maji ya moto kuwahi kuganda kabla ya maji baridi. Wengi hudhani ni jambo la kisiwa chetu. Mpemba ni jina la Erasto Mpemba, aliyegundua hayo mwaka 1963 akitengeneza aiskrimu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Yeye na mwanafizikia Denis Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969. Tena kuna mji wa Pemba nchini Msumbiji, ulioitwa Porto Amélia hadi uhuru wa 1975. Ukikata tiketi, soma mara mbili.

20. Zanzibar nyingine za sinema

Filamu zenye jina hili ni nyingi. Mwaka 1928 Lon Chaney aliigiza West of Zanzibar ya mwongozaji Tod Browning, filamu isiyo na sauti ambayo sehemu kubwa ya hadithi yake iko Kongo. Mwaka 1954 studio ya Ealing ya Uingereza ikatumia jina lile lile kwa filamu ya magendo ya pembe za ndovu, ya Harry Watt, na hao angalau walileta kamera Afrika Mashariki na kupiga picha za majahazi ya kweli. Na tangu 1998 mambo yamegeuka: tamasha la kimataifa la filamu, ZIFF, huwaita watengenezaji wa nchi za nje waje Ngome Kongwe wakae chini na kutazama pamoja nasi.

Jipime

a) Mswada wa kwanza wa hadithi hii ulihusu safari ya kisiwa gani?
b) Pembe za ndovu kutoka Zanzibar zilitengenezwa nini Connecticut?
c) Ni mwigizaji gani wa filamu za Kiswahili aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962?
d) Kwa nini Pemba iliipita Unguja kwa karafuu?
e) Kuna simba wangapi wa mwituni Pemba?

Majibu: a) Madagaska. b) Vibonye vya piano. c) Rashidi Mfaume Kawawa. d) Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja. e) Hakuna hata mmoja, mgeni akikuuliza, mpeleke Kidike, na alipe kiingilio.